Presha ya Macho Hutembea Katika Ukoo: Mama, Waambie Ndugu Zako

Mtoto akizaliwa, wageni wanaokuja kumpongeza mama hawakai muda mrefu kabla ya kuanza kumchunguza. Huyu anasema pua ni ya babu yake, yule anasema vidole ni vya shangazi, na bibi mzaa baba anasisitiza kwamba paji la uso ni la ukoo wake. Sote twajua kwamba watoto hurithi. Tunarithi rangi, kimo, sauti, hata mwendo. Lakini yapo pia mambo ambayo hakuna mgeni awezaye kuyaona kwa kumtazama mtoto kitandani, nayo hurithiwa vilevile. Mojawapo ni uelekeo wa kupata ugonjwa wa glakoma, ambao wengi wetu tunauita presha ya macho.

Safari hii tumeona tuzungumze na akina mama juu ya ugonjwa huo kwa sababu mbili. Kwanza, kwa watu wengi unapofusha bila kuuma. Pili, mama ndiye mtunza habari za ukoo. Yeye ndiye anayejua nani aliugua nini, bibi alianza kushikwa mkono akiwa na umri gani, na ni mjomba yupi aliyeacha kuendesha baiskeli kwa sababu ya macho. Habari hizo huzungumzwa jikoni na misibani, kisha zinaachwa. Kumbe zingefikishwa kwa watu wanaohusika, zingeokoa macho.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Sehemu ya mbele ya jicho, kwa ndani, mna maji safi ambayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa mchana na usiku. Hulisha zile sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembeni, pale konea (kile kioo cha mbele cha jicho) inapokutana na sehemu yenye rangi. Kichujio kikiziba au kikipitisha maji polepole mno, maji hujaa na presha ndani ya jicho hupanda. Presha hiyo huuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo hufa kidogo kidogo, na zikishakufa hazioti tena.

Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hata hivyo wapo watu ambao mshipa wao huharibika ingawa presha yao iko ndani ya kiwango hicho, na wapo wenye presha iliyopanda kidogo ambao mshipa wao bado ni mzima. Ndiyo maana daktari wa macho hatosheki na kupima presha tu. Huuangalia mshipa wenyewe nyuma ya jicho, na hupima pia upana wa kuona.

Hapa tuondoe machanganyiko mawili tunayokutana nayo kila mara. Presha ya macho si presha ya damu. Mtu aweza kupimwa mkono akaambiwa presha yake ni nzuri, huku macho yake yanaharibika. Wala glakoma si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaofunika lenzi, na mgonjwa akifanyiwa upasuaji kwa kawaida huona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi. Tumewaona wazee wakikaa nyumbani miaka miwili au mitatu wakisema mtoto wa jicho bado hajakomaa, kumbe wanachongojea siye.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba ugonjwa huu huanza kula pembeni. Mgonjwa bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano na kusoma Biblia, lakini anajigonga kwenye mlango, anapiga teke ndoo iliyo kando, au hamwoni mwenye baiskeli anayetokea ubavuni. Jicho moja likianza kuharibika, jingine husaidia, na mwenyewe hatambui. Anapokuja hospitali akisema haoni vizuri, mara nyingi sehemu kubwa ya mshipa imekwisha kuharibika.

Je, ni ugonjwa wa watu wachache?

Hapana. Hapa nchini Tanzania, wilayani Kongwa mkoa wa Dodoma, watafiti waliwapima vijijini watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na yalionyesha kwamba katika kila watu 100, karibu 4 walikuwa na glakoma. Katika usharika wenye waumini 500 wa umri huo, hesabu hiyo ni watu 20 hivi. Jumapili ijayo tazameni viti vya mbele na vya nyuma, mtaelewa tunasema nini.

Watu wenye asili ya Afrika wameonekana kuwa hatarini zaidi kuliko wengine. Katika jiji la Baltimore, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba glakoma ya kawaida, ile inayokwenda polepole, ilikuwapo kwa weusi mara 4 hadi 5 zaidi kuliko kwa weupe wa jiji hilohilo.

Unarithiwaje?

Kila seli ya mwili ina maelekezo ya jinsi ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Karibu kila jeni tunayo katika nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala ikiwa na kosa, kitu fulani mwilini hakitengenezwi sawasawa. Kwa glakoma, urithi huo huja kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni ya jeni moja yenye nguvu. Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani walitambua jeni iitwayo MYOC, iliyopo kwenye kromosomu ya kwanza. Jeni hiyo ikiwa na kosa hutengeneza protini mbovu inayokwama ndani ya seli za kile kichujio cha maji, na presha ikapanda. Nakala moja tu yenye kosa inatosha. Kwa hiyo mzazi mwenye kosa hilo anaweza kumpa kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Watu wa aina hii huweza kuanza kuugua wakiwa bado vijana, hata kabla ya miaka 20 au 30. Lakini si wengi. Katika watu wazima 100 wenye glakoma ya kawaida, wenye kosa la MYOC ni kama 3 hadi 5.

Njia ya pili ni ya watoto wachanga. Jeni iitwayo CYP1B1, iliyohusishwa na glakoma ya kuzaliwa nayo mwaka huohuo wa 1997, haileti ugonjwa mpaka mtoto apate nakala mbili zenye kosa, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wenyewe wanaona vizuri kabisa na hawana habari. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo sababu aina hii huonekana zaidi mahali watu wa ukoo mmoja wanapooana, kwa mfano mtu na binamu yake. Mama anayenyonyesha ndiye wa kwanza kuona dalili: mtoto hutokwa machozi muda wote, hukimbia mwanga na kuficha uso kifuani, konea huwa na ukungu, na jicho huonekana kubwa kupita kawaida. Watu husifu kwamba mtoto ana macho makubwa mazuri. Mama, usikubali sifa hizo bila kumpeleka mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, kwa maana upasuaji wa mapema huweza kuokoa kuona kwake. Mwimbaji maarufu wa Italia, Andrea Bocelli, alizaliwa mwaka 1958 akiwa na glakoma ya namna hii, na akapoteza kuona kabisa akiwa na miaka 12 baada ya kuumia akicheza mpira.

Njia ya tatu ndiyo ya walio wengi. Hapa hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Zipo nyingi, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 34,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulipata mahali 127 kwenye kromosomu panapohusika na ugonjwa huu. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya kuchunguza watu 11,275 wenye asili ya Afrika, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili kutafuta zile jeni zinazotuhusu sisi zaidi, kwani tafiti nyingi za nyuma zilifanywa kwa Wazungu. Haba na haba hujaza kibaba: mtu akipokea nyingi za hizo kutoka pande zote mbili, hatari yake inakuwa kubwa.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa asidhani kwamba lazima atolewe damu ndipo ajue hali yake. Kwake kipimo cha kwanza ni cha kuangaliwa macho yenyewe.

Hatari ya ndugu ni kubwa kiasi gani?

Katika mji wa Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapima ndugu wa wagonjwa wa glakoma na ndugu wa watu wasio na ugonjwa huo. Matokeo yao ya mwaka 1998 yanafaa kukumbukwa. Kati ya kaka na dada wa wagonjwa, zaidi ya 10 katika kila 100 walikutwa nao tayari. Kati ya kaka na dada wa wasio wagonjwa, hakufika hata mmoja katika 100. Walipokadiria hatari ya maisha yote, ilikuwa 22 katika kila 100 kwa ndugu wa wagonjwa, na 2 hivi kwa wengine.

Tusome hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Ni hatari kubwa, karibu mara kumi. Lakini pia inatuambia kwamba walio wengi katika familia hizo hawatapata ugonjwa. Kurithi uelekeo si kuhukumiwa upofu. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba waliokutwa zaidi ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa watoto wa wagonjwa wengi walikuwa bado na umri mdogo. Mama akiambiwa ana glakoma, mawazo yake yote hukimbilia kwa watoto. Ni vema, lakini mwenye haraka zaidi ya kupimwa ni dada yake na kaka yake.

Siri inayopofusha

Mwaka 2022 tulimtembelea mama mmoja wa miaka 54, mwenzetu katika kikundi cha akina mama wa usharika. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto linaona katikati tu. Kwenye kadi yake kliniki walikuwa wameandika kwamba ndugu zake waje kupimwa. Kadi hiyo ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya vitenge, kwa miezi minane. Tulipomwuliza, alilia. Mama yake mzazi alikufa akiwa kipofu, na upande wa mume walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ameolewa kutoka ukoo wenye laana. Sasa binti yake alikuwa amechumbiwa. Aliogopa kwamba wakwe wapya wakisikia, posa itarudishwa.

Tulikaa naye alasiri mbili. Hatukumlazimisha. Tulimweleza tu kwamba wakati yeye analinda posa, kuna ndugu watano ambao macho yao hayajalindwa na mtu. Mwishowe alimwita kaka yake mkubwa akamwambia mwenyewe. Watatu walikuja kupimwa. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu, dereva wa miaka 47 ambaye hakuwa na malalamiko yoyote, alikutwa ugonjwa umeanza. Anatumia dawa hadi leo na bado anafanya kazi yake. Na yule binti? Alimweleza mchumba wake kwa kinywa chake. Kijana aliuliza jambo moja tu, dawa ya mama mkwe inauzwa bei gani. Harusi ilifungwa mwaka uliofuata.

Akina mama, tunajua si kila posa huishia hivyo. Lakini tuseme ukweli mbele za Mungu: jeni haibagui upande wa mume wala wa mke. Mawifi na wakwe wanaosema kwamba mkaza mwana ameleta upofu wanapaswa kuangalia kwanza macho ya wazee wao. Wala ugonjwa wa kurithi si laana. Mwanzo sura ya 27 inatueleza kwamba Isaka alipozeeka macho yake yalipoteza nguvu, na sura ya 48 inasema vivyo hivyo juu ya mwanawe Yakobo. Biblia haitaji jina la ugonjwa wao, wala sisi hatulitaji. Lakini hakuna mahali inaposema baba na mwana hao walikuwa wamelaaniwa, bali ndio waliowabariki wengine.

Vitu vinavyoongeza hatari

Urithi haufanyi kazi peke yake. Hatari huongezeka kwa umri kuzidi miaka 40, kwa kutoona mbali vizuri, kwa konea nyembamba, na kwa jicho lililowahi kuumia. Lipo pia jambo ambalo liko mikononi mwetu, nalo ni dawa za matone zenye steroidi. Mtoto akiwashwa macho, mama hununua dawa dukani, inamsaidia, basi inakuwa ya kila wiki, na jirani naye anaazima. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho, na watu wa familia zenye glakoma ndio wepesi zaidi kupatwa na madhara hayo. Usinunue dawa ya macho kwa kuonyesha chupa ya mwenzako.

Matibabu yapo

Matibabu hayarudishi kilichopotea, ila yanalinda kilichobaki. Hilo lieleweke tangu siku ya kwanza, kwa maana wagonjwa wengi huacha dawa wakisema hawaoni nafuu. Dawa ya glakoma inafanya kazi pale ambapo hali haibadiliki.

Wengine hutumia matone kila siku maisha yote. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji. Ipo pia leza ya kusaidia kichujio. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulifanywa utafiti wa kulinganisha leza hiyo na matone ya timololi, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofanikiwa kwa leza yalikuwa 61 katika kila 100, na kwa matone 31. Muulize daktari wako ni njia gani inakufaa.

Ukipewa matone, vuta kope la chini, weka tone moja, funga macho na bonyeza taratibu pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 1 au 2. Kama dawa ni mbili, ngoja dakika 5 kati yake. Mwenye pumu amwambie daktari kabla, kwa kuwa timololi huweza kumletea shida ya kupumua. Mwenye mimba au anayenyonyesha naye aseme, asiache dawa kimyakimya.

Ipo aina nyingine ya glakoma inayokuja kwa ghafula: jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kuuma, kutapika, na kuona duara za rangi kwenye taa. Hiyo si ya kungoja asubuhi wala ya kumeza dawa ya malaria. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tufanye nini nyumbani?

1. Waulize wazee wa pande zote mbili, wa mume na wa mke: ni nani katika ukoo alipofuka, akiwa na umri gani, na hospitali walisemaje. Andika kwenye daftari la familia.

2. Akipatikana mgonjwa mmoja, wazazi wake, kaka, dada na watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima wapimwe. Wasingoje miaka 40. Kama mgonjwa alianza ujanani, watoto wapimwe mapema zaidi kwa ushauri wa daktari.

3. Hata kama ukoo wenu hauna habari hiyo, pima macho ufikapo miaka 40. Kupimwa hakuumi. Utasoma herufi, utawekewa matone, na daktari ataangalia kwa darubini.

4. Aliyekutwa mzima arudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kama atakavyopangiwa. Kuwa mzima leo si cheti cha miaka 20.

5. Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Omba, na uendelee kuweka matone.

6. Vikundi vya akina mama viombe hospitali ya wilaya au ya kanisa ilete siku ya kupima macho usharikani. Wiki ya Glakoma Duniani huwa mwezi wa Machi kila mwaka, nayo ni nafasi nzuri.

Paulo alipomwandikia Timotheo, aliikumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike, ndipo ikamfikia yeye. Yapo tunayowarithisha watoto kwa kuchagua, na yapo tunayowarithisha bila kujua. Hili la macho sasa tunalijua. Basi kama kuna kadi ya kliniki iliyofichwa chini ya vitenge vyako, itoe leo, na umpigie simu dada yako kabla hujalala.